Mlango wa Pembeni

Alikuja na sanduku la bati:
mrija wa kioo, pampu ndogo yenye mkoromo wa paka,
na karatasi nyeupe za mviringo,
nyembamba kama ngozi ya kitunguu.
Injinia Saumu Mwachiro, wa mradi wa msaada wa kiufundi,
buti zake mpya, hazijaijua bado Miritini.
Alipanda dohani vidato sabini na viwili
nami nyuma yake nikivihesabu,
kwa woga wangu, si wake.

Akauchomeka mrija kwenye pua ya dohani,
akangoja dakika kumi, akaitoa karatasi.
Wanja wa bibi harusi una afadhali.
Akaipima kwa mizani ambayo masonara wangeionea wivu,
akaandika tarakimu, kisha akanigeukia:
"Tsuma, wewe huwa unaonaje?"

Miaka kumi na tisa ninalilisha tanuru hili vyuma chakavu,
hakuna aliyewahi kuniuliza ninaonaje.

Basi nikamwambia.
Moshi mweusi, tanuru lina njaa ya hewa.
Wa rangi ya kutu, chuma kimechemka kikapitiliza.
Mweupe mzito, usioruka wala kutua,
hayo ni mabati ya paa la mtu, zinki yake inapaa;
usiku huo tunatetemeka homa, alfajiri tumepona,
na meneja anatugawia pakiti ya maziwa, kila mtu moja,
eti yasafishe kifua,
kana kwamba sisi twavuta pumzi kwa tumbo.

Hakucheka. Aliandika hata la maziwa.
"Nani alikufundisha?"
Jicho, nikasema. Na kikohozi.

Wiki tatu tulikuwa wanafunzi wake:
kusoma geji, kukung'uta mifuko ya chujio
inayoning'inia gizani kama kanzu za majitu,
kuchambua chakavu kabla ya kuyeyusha,
betri huku, mabati yenye rangi kule, makopo ya dawa usiguse.
Karatasi ikawa kijivu.
Siku ya kumi na nane ikatoka
rangi ya maji yaliyooshea mchele.
Meneja akapiga naye picha, wote wawili wamevaa helmeti,
helmeti ya meneja ingali na bei yake.

Liko jambo sikumwambia.

Ubavuni mwa chujio pana mlango wa chuma
mdogo kama wa banda la kuku, wenye mkono mwekundu.
Uuvute, na moshi hauendi tena kwenye mifuko;
unachepuka, unatoka mbichi.
Saa nne usiku simu ya ukutani hulia mara mbili, ikanyamaza.
Haina haja ya kupokewa. Feni ya mifuko inakula umeme, Tsuma.
Na mkono unaouvuta mkono ule
ndio huu unaomfunga Kadzo vifungo vya sare,
Kadzo wangu wa darasa la tatu, anayelala ameketi,
kakumbatia mto, kule Mikindani
upepo wa usiku unakoshukia.

Pafukapo moshi pana moto, walisema.
Pafukapo usiku, hawakusema pana nani.

Siku yake ya mwisho nilimbebea sanduku hadi getini.
Mlinzi alikuwa anakagua boneti ya lori.
Nikasema, na sauti sikuitambua kuwa yangu:
Injinia, karatasi zako zote ni za mchana.

Alisimama kitambo, anatazama buti zake,
zilizokwisha kuijua Miritini.
Akalifungua sanduku palepale vumbini,
akanipa karatasi moja ndani ya kibahasha,
akanipa pampu, akanipa fomu nitie sahihi:
*Imeazimwa*.
Ya kufanyia nini, hakuniambia.

Sasa ni saa nne kasoro kitu.
Pampu nimeificha ndani ya ndoo ya mchanga.
Mkono mwekundu uko mbele yangu, wangu uko mfukoni,
wanashika kibahasha vidole vyake, vinakiachia, vinakishika.
Tanuruni paa la mtu linaanza kulainika.

Simu imelia mara moja.